Siku Bi Mize Alipoukata Wimbo

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikiosha uso. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuisimulia, maana elimu yangu ni chuo cha Kurani na miaka michache ya skuli, na wapo wanaojua kupanga maneno kuliko mimi. Lakini jicho lilikuwa langu, basi nitasema nilivyoona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka wenyewe umenipotea. Nilikuwa kijana wa Mtoni, nafanya kazi Mjini kwa mjenzi mmoja akiitwa Fundi Vuai. Siku hizo mapaa ya nyumba za mawe tuliyapiga kwa mkono. Tunatandika boriti, juu yake mawe na chokaa na udongo mwekundu, kisha tunapanga safu, wake kwa waume, kila mmoja na kigongo chake, tunaigonga ile chokaa mbichi mpaka ishikane. Kazi ya siku nenda siku rudi. Mkono hauwezi kwenda muda wote huo bila ya wimbo, na mwimbishaji wetu alikuwa Bi Mize, mtu mzima wa Makunduchi, sauti yake unaisikia ukiwa chini barazani.

Bi Mize alikuwa na tabia moja. Anayetoka safuni kwa uvivu humtia kwenye wimbo papo hapo. Kuna jamaa mmoja wa Mbweni alishuka kwenda kukaa kivulini, akaimbiwa:

Huyo aliyeshuka dari, kaenda kulala,
Mpikieni uji mwembamba, mgonjwa hajala.

Sote tukaitikia kwa kicheko. Tangu hapo mpaka anaoa, watu wakimwita Uji. Sisemi Bi Mize alifanya vibaya. Nyimbo zake ndizo zilizofanya kazi isitushinde, na Uji mwenyewe alicheka. Lakini mimi nilikuwa nimepeleka posa, na nilikuwa radhi na lolote kuliko kuitwa jina kama lile ukweni.

Basi asubuhi hiyo, upande wangu wa paa palikuwa na kidimbwi cha maji ya chokaa. Nilikiona. Jirani yangu safuni alikuwa Mcha, rafiki yangu tangu utoto, mtu wa masihara sana, na Fundi Vuai alikuwa keshamwambia akicheza tena kazini atamwondosha. Mcha akainua kigongo, akakishusha bila ya kuangalia, kikapiga katikati ya kile kidimbwi. Chokaa ikaruka, ikaniingia jicho la kushoto.

Chokaa mbichi jichoni si kama mchanga, mwanangu. Inaunguza, na kila ukipepesa inaunguza zaidi. Mwenye akili angetupa kigongo. Mimi nikaendelea kupiga. Machozi yananitiririka, kamasi zinanitoka, na bado naitikia wimbo, tena kwa sauti kubwa ili nisijulikane.

"Yakhe, unalia?" Mcha akaninong'oneza. "Au wakwe washakurejeshea posa?"

"Piga kazi," nikamwambia.

Bi Mize akatuona. Nikangoja kusikia jina langu kwenye wimbo. Badala yake akanyamaza. Vigongo vikapiga ovyo ovyo, kimoja hapa kimoja kule, vikasita. Sijapata kumsikia akiukata wimbo katikati, si kabla ya siku ile wala si baada yake.

"Weye, njoo hapa," akasema. "Na usilipikiche hilo jicho."

Mwenzetu mmoja akasema nyumba ya pili yupo mzazi, kajifungua karibuni, akaombwe maziwa ya kifuani nitiwe jichoni. Alisema kwa nia njema, wengi wakifanya hivyo. "Maji kwanza," Bi Mize akamjibu. Akaniinamisha kichwa upande, akanifungua kope kwa vidole viwili, akanimwagia maji safi ya mtungi wetu wa kunywa, kata ya kifuu baada ya kata, mpaka nikadhani ataumaliza mtungi wote. Nikamwambia yatosha. "Yatosha nitasema miye," akanijibu, akazidi kumwaga.

Fundi Vuai akapanda juu. "Kuna nini hapa, mbona kimya?"

"Vumbi tu, fundi," nikasema. Mcha alikuwa amesimama nyuma yake, uso umempauka kwa hofu.

Fundi akaturuhusu tushuke, Bi Mize anipeleke hospitali, nami nisishike kigongo tena mpaka nipone. Huko daktari, Mhindi mmoja mpole, akaniuliza kimeingia nini. Nikasema tena, vumbi.

"Msamehe, daktari, huyu anaona haya," Bi Mize akasema. "Ni chokaa mbichi, imemruka leo hii."

Daktari akaiweka chini dawa aliyokwisha kuishika. Akanipindua kope ya juu, akatoa punje za chokaa zilizojificha mle, akaliosha tena jicho kwa muda mrefu. "Kwa vumbi nisingetazama huku," akasema. "Na bibi huyu mshukuru kabla ya kunishukuru mimi. Maji yake ndiyo yaliyoliokoa jicho."

Tulipokuwa tunarudi, Bi Mize akaniuliza, "Unamficha nani?"

"Mcha. Fundi atamfukuza."

Akanijibu: "Ukificha, kesho dimbwi lile lile litamrukia mwengine. Kaseme lilivyokuwa. Usimzidishie Mcha, wala usimpunguzie."

Nikaenda, jicho limefungwa kitambaa. Nikamwambia fundi kuwa kigongo cha Mcha ndicho kilichorusha chokaa, lakini hakufanya kwa kusudi, na kidimbwi kilikuwapo tangu asubuhi, nami nilikiona nikanyamaza. Nilidhani sasa ndiyo basi, Mcha hana kazi. Fundi Vuai akatazama chini. "Hata mimi nilikipita," akasema. Mcha akabaki. Tangu siku ile hatukuanza kupiga mpaka vidimbwi vimekaushwa, na maji safi yakapandishwa juu kabla ya watu. Nilipotaka kurudi kazini jicho bado jekundu, fundi akanigeuza mlangoni: "Nshakwambia, ukipona. Kwenye nafasi yako hasimami mtu."

Jicho lilipona, ila limebaki na kiwingu kidogo pembeni. Huenda ningesimama mara moja kisingekuwapo. Sina hakika, daktari hakunambia, nami sitaki kumsemea.

Basi mwanangu, ukiumia kazini, acha kazi hapo hapo, hata kama wenzako wote wanaendelea na wewe unaona aibu. Mwambie aliye karibu, maana wewe mwenyewe wakati ule huwezi kujitazama. Kama ni kitu cha kuunguza, maji safi kwanza, mengi, mengine baadaye. Nenda kwa daktari, umtajie kitu chenyewe kwa jina lake, maana anatibu kile ulichomwambia. Kisha mweleze mkubwa wako wa kazi lilivyotokea, mbele ya walioona, na sehemu yako uitaje pia. Wala usirudi kabla hujapona ili usifiwe ushujaa. Sifa hiyo mimi niliitafuta, na sijui ningeipeleka wapi na jicho moja.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi viungo vyako, akupe riziki isiyokudhuru, na akujaalie wenzako wa kazi wasioona tabu kusimama kwa ajili yako, nawe usione tabu kusimama kwa ajili yao. Amin.