Mpaka Uliopita Katikati ya Nyumba ya Bi Edna

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama mlangoni nikitetemeka kwa baridi na kwa woga. Mkuu wa Sehemu ya Mipaka, mama mrefu asiyecheka ovyo, aliniuliza, "Unaijua wilaya yetu?" Nikasema naijua. Loo! Nilichokijua ni mtaa wa Winson Green nilikopanga chumba, basi.

Kumbe wilaya yenyewe ilishakufa. Ilikuwa wilaya ya mashambani, nje kidogo ya Birmingham, na serikali iliivunja kabla sijatia mguu nchi hii. Parishi zake zikagawanywa: nyingine zikamezwa na jiji, nyingine zikapewa wilaya jirani. Vijana, mkisikia parishi msifikirie kanisa tu. Hii ilikuwa kama sabulokesheni kwetu Kakamega, Kenya, ila badala ya naibu chifu ilikuwa na baraza la kuchaguliwa, na makaburi yake yenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuwaambia watu wako upande gani. Tuliutembea mpaka kwa miguu, maana ramani ilionyesha mstari, haikuonyesha ua uliong'olewa wala kijito kilichohamishwa.

Mkuu alinifundisha kutafuta mawe ya mpaka kwenye magugu, na hakuchoka kunikemea: "Usikisie! Mtu akizikwa pasipo pake, utamfukua wewe?" Maneno hayo yalininyima usingizi miaka mingi.

Ndipo likaja la Bi Edna, mjane mgonjwa aliyekaa mwisho wa kijia. Mumewe alizikwa katika makaburi ya parishi kabla ya mgawanyo, naye alitaka kulazwa kando yake. Kamati ya makaburi ikakataa. Ardhi ile ni ya wakazi tu, wakasema, na nyumba yake imeangukia jijini. Binti yake alitupigia simu akilia, kwani daktari hakuwapa muda mrefu.

Nikaenda kupima. Mungu wangu, mpaka ulipita katikati ya nyumba! Jikoni parishi, sebuleni jiji. Bi Edna akanikaribisha chai akiwa kitandani. Sasa mimi, mtoto wa Kiluhya, nitamuulizaje mama mgonjwa habari za kaburi lake akiwa hai? Kwetu huko ni kumwitia kifo. Nikasifia maua yake. Nikamsifia paka. Nikaaga. Njia nzima nilijiambia: nikisema, namuua; nikinyamaza, anazikwa peke yake mbali na mzee wake.

Mkuu aliponisikiliza alivua miwani. "Nyumba ikikatwa na mpaka, mtu huhesabiwa pale anapolala. Ndiyo desturi ya hapa, na kamati wanaijua. Analala wapi?"

"Sebuleni, upande wa jiji," nikasema. Walikuwa wamemhamishia huko kwa sababu ya miguu, hawezi tena ngazi.

"Basi rudi ukaongee naye. Leo hii."

Nilirudi nikisali ndani ya basi. Nikaanza na habari za mvua. Bi Edna akanikatiza: "Kijana, umekuja kwa ajili ya kaburi langu au la paka?" Jamani! Nikacheka huku machozi yananitoka, nikamweleza yote. Akamwita binti yake. "Kitanda changu jikoni, sasa hivi." Tukakisukuma, kikakwama mlangoni, naye kitini anatuelekeza kwa fimbo. Kamati walikuja kukiona wenyewe, wakakubali. Akalala kando ya jiko la gesi, akilalamikia harufu ya vitunguu, mpaka Mungu alipomchukua. Nilihudhuria mazishi. Walimlaza ubavuni pa mumewe.

Nimestaafu sasa, nakaa Kings Heath. Watu husema mstaafu hana wasiwasi. Uongo mtupu! Juzi tukiosha vyombo, binti yangu, mzaliwa wa hapa, aliniuliza bila kupepesa: "Dad, siku ikifika, tukupeleke home ama ubaki hapa na Mum?" Mama yake tulimzika jijini humu, Mungu ailaze roho yake pema. Nikamwambia nitafikiria.

Kule kwetu nako lokesheni imegawanywa, na shamba la baba wamegawana ndugu zangu. Sijui kama waliniachia pahali kando ya wazee. Kila jioni nashika simu nimpigie kaka yangu nimuulize, kisha naiweka chini. Naogopa atasema hapana. Na akisema ndiyo, naogopa zaidi, maana mke wangu yuko huku.