Perege Wangu na Radhi ya Ami Shaame

Harufu ya pumba za mpunga zilizoloweshwa na vumbi la dagaa mpaka leo hunitia hasira. Ndiyo iliyokuwa harufu ya uani kwetu Mgogoni nilipokuwa darasa la sita, pale kaka yangu Faki alipochimba shimo nyuma ya jiko, karibu na migomba, akalitandika turubai, akalijaza maji ya kisima na kutia samadi ya kuku mpaka maji yakawa kijani kama kisamvu. Kisha akaleta vifaranga vya perege ndani ya mfuko wa nailoni uliofura kwa hewa, akauacha kwanza uelee juu ya maji ili wazoee ubaridi, ndipo akawafungulia. Haukupita muda akaoa, akahamia Konde. Siku ya kuondoka alisema mbele ya Mama na Bibi, "Bwawa hili nampa huyu. Samaki wake, si wa nyumba." Nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akipiga hodi najificha nyuma ya mlango, mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua natazama vidole vya miguu. Lakini siku ile nilikuwa na mali yangu.

Niliwalisha pumba hizo asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na jioni tena nikirudi skuli. Nilikuwa nikipiga ukingo wa ndoo kwa ukucha, nao wanakuja juu wote pamoja, midomo wazi, maji yanachemka bila ya moto. Niliwahadithia kila kitu: nani kanisukuma, nani kanicheka, somo gani sikulifahamu. Kwa watu nilikuwa bubu, kwa perege nilikuwa redio. Nikajifunza hata kuwashika bila ya kuchomwa, unaanzia kichwani na kuilaza ile miba ya mgongoni kwa kiganja, maana ukimkamata perege kwa papara atakuchoma mpaka ukumbuke jina la mama yako.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa Ami Shaame, mchuuzi wa samaki wa bahari. Si ndugu yetu wa damu, ila kwetu mwanamume wa rika lile humwiti kwa jina tupu. Kila asubuhi alikwenda pwani ya Msuka na vespa yake, akarudi na tenga la changu na tasi. Samaki wangu alikuwa akiwaita vyura wenye magamba. Akipita barazani kwetu husimamisha vespa na kuniuliza, "Wee bubu, vyura wako wameshaanza kulia?" na watu wanacheka, na mimi nakimbilia ndani masikio yakiwaka moto. Lakini Ramadhani ilipokaribia, samaki wa bahari wakaadimika, na wanawake waliokuwa wakicheka wakaanza kumuuliza Mama pembeni, kwa sauti ndogo, eti tutavua lini. Bibi akapanga mvuno wa kwanza ukaangwe na kugawiwa majirani kwa futari, kila nyumba sahani yake, na nyumba ya Shaame pia. Sikupata kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka sahani ile. Nilikuwa nikilala nikimwona Ami Shaame akilamba vidole.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya mwezi kuandama, nilikuta samaki wote wapo juu ya maji, wanahema. Faki alinifundisha kwamba wakihema alfajiri wamekosa hewa, uwaongeze maji mapya. Basi nikateka kisimani, nikamimina, nikateka, nikamimina, na wao wakaanza kugeuka mmoja mmoja, tumbo juu. Bibi alipokuja alikuta vipande vya majani yaliyopondwa vimeganda kwenye turubai. Akaviokota, akavinusa. Bibi ni mzaliwa wa Msuka, na utupa anaujua tangu utotoni. Ni mti ambao majani yake hupondwa na kutiwa katika vidimbwi vya pwani ili samaki walewe. "Huu haukuja na upepo," alisema. Hatukuwala, maana nani ajuaye kulichanganywa na nini. Tuliwazoa kwa ndoo na kuwafukia chini ya migomba. Huo ndio uliokuwa mvuno wangu wa kwanza. Ami Shaame alipita na tenga lake, safari hii bila ya kusimama, bila ya mzaha, na ukimya wake ule ndio ulioniambia kuwa ni yeye. Lakini ushahidi hatukuwa nao, na Mama alinikanya nisimtie mtu midomoni.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Miaka ikapita, nikaingia sekondari, nikavunja ungo, na Ami Shaame akajaaliwa kupata safari ya Hija. Kwetu mtu haendi Makka na haki za watu mgongoni. Hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Alikuja kwetu baada ya sala ya alasiri pamoja na mkewe na majirani wawili watatu, akakaa mkekani, akasema maneno yanayosemwa na kila msafiri, kwamba asamehewe alilokosa kwa kujua na kwa kutojua. Mama akajibu tumesamehe. Bibi aliniita nitoke nyuma ya mlango, kisha akamwambia, "Kuna haki ya mwenye samaki, Shaame. Naye ni huyu. Keshakuwa mtu mzima, hatumsemei."

Nilisimama, macho chini. Nilikuwa nimeyasema maneno yangu mara nyingi kitandani, na sasa yote yamenikimbia, limebaki swali tu.

"Radhi ya nini, ami?"

Alimtazama mkewe, akawatazama majirani. Alitaka kusema ni mambo ya zamani. Nikanyamaza nikimngoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami kimya ndiyo kazi niliyoizoea tangu kuzaliwa, hakuna wa kunishinda. Mwisho akasema kwa sauti iliyopasuka, "Utupa niliutia mie. Niliona mtaniharibia biashara. Nisamehe, mwanangu."

Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Mama alinifinya mkononi akininong'oneza nimalize, ni neno moja tu, nimesamehe. Ami Shaame akaahidi kunichimbia bwawa jengine na kulijaza vifaranga. Nikamwambia, "Bwawa lako sitaki. Nenda salama. Tutakutana kwa Mola." Nikarudi ndani, nikakaa sakafuni, na moyo wangu, sisemi uongo, ulikuwa mwepesi kama pamba.

Alikwenda, akarudi, siku hizi anaitwa Haji. Shehe wetu amenieleza kwa upole kwamba kusamehe kuna malipo makubwa kuliko kulipiza. Naamini. Nimejaribu hata juu ya mswala, neno likafika kooni, likakaa. Bwawa nimelichimba upya mimi na Faki, pana kuliko lile. Zamani watu waliuliza pembeni, kwa sauti ndogo, tutavua lini. Sasa nikianza tu kupunguza maji, wanawake washafika na mabakuli, na mimi nawapimia, nawajibu, hata nawatania. Nyumba ya Ami Shaame peke yake haijaonja. Mkewe alituma mtoto wa watu amnunulie, nikamrudisha na pesa zake mkononi. Ami mwenyewe amezeeka, vespa kaiuza. Siku ya Ijumaa akitoka msikitini hupitia uani kwetu, nami namwamkia, shikamoo ami, kwa adabu zote, maana salamu haina kosa. Hutazama maji kidogo, kofia mkononi. Wiki iliyopita alisimama muda mrefu kuliko kawaida, na nilikuwa nawalisha, maji yanachemka.

"Bado, mwanangu?"

"Bado, ami," nikamwambia, nikaendelea kurusha pumba.