Bi Rehema alivyoponzwa na madirisha yasiyofungika, Tanga enzi za ruksa

Wakuu, habari za Jumapili. Nimeshakunywa kahawa, acha niwape kisa cha kweli tupu. Mwenye haraka apite tu.

Ni ile miaka ya mwanzo ya soko huria. Tumetoka kwenye foleni za sabuni, ghafla mitumba kila kona na kompyuta zimeingia.

Nikapata kazi Raskazone, kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Programu yao ya desktop aliiandika fundi wa Dar, akasepa. Mimi nikaachiwa kuitunza.

Aliyekuwa anaitumia ni Bi Rehema, mama wa makamo, mpole ila mdomo anao. Mteja akija anamfungulia dirisha lenye jina na mzigo wake, anamgeuzia skrini aone mwenyewe.

Mambo ya mzigo yakiisha, mteja haondoki. Anakaa benchi anapiga soga. Tanga hiyo, mnaijua.

Na Bi Rehema hafungi dirisha la mtu ambaye bado amekaa. Kwake ni sawa na kumwambia inuka uende zako.

Sasa shida: kila ikikaribia adhuhuri mashine inaganda. RAM yenyewe, yaani memory ya kufanyia kazi, ilikuwa kiduchu.

Bosi akafoka, "Rehema, madirisha yako ndiyo yanaua mashine. Funga! Ikiganda tena wiki hii nakupeleka godauni."

Godauni la katani, vumbi tupu, na mama ana pumu. Roho iliniuma.

Akaanza kufunga. Mzee Mbwana, mteja wa mitumba, akaona jina lake linapotea kwenye skrini, akachukua kofia yake.

"Haya bibi, kumbe siku hizi tunafukuzwa."

Bi Rehema alilia, wakuu. Na mashine ikaganda vilevile.

Hapo nikashtuka. Kama amefunga, memory imekwenda wapi?

Nikafungua source code, yale maandishi ya programu aliyoyaacha fundi. Lahaula! Ukibonyeza kufunga, dirisha linafichwa tu. Hulioni, lakini limekalia memory na data zake zote. Mteja mwingine akija linaundwa jipya, asubuhi nzima yanarundikana.

Nikabadilisha: likifungwa, lifutwe kabisa na memory irudi. Ya wachache waliokaa benchi, mashine inayamudu.

Kesho yake nikamwambia mbele ya bosi, "Mama, waache wakae. Funga mtu akishaondoka."

"Una hakika mwanangu?"

"Ikiganda, godauni naenda mimi."

Mzee Mbwana nilimfuata mwenyewe dukani kwake, nikampa shikamoo na kumwomba radhi. Akaja amenuna, soga zikamkolea.

Adhana ya adhuhuri ikapita, mashine inadunda. Mzee akainuka kwa wakati wake, akaaga. Bi Rehema akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi, ndipo akafunga dirisha lake. Nikaangalia memory: imerudi yote.

Mama akamgeukia bosi. "Enhe, godauni anakwenda nani?"

Bosi akaanza kutafuta miwani, na anayo usoni.

Vijana, lugha zenu za leo zinajisafishia memory zenyewe, ila msibweteke. Kabla hujamlaumu mtumiaji, hakikisha ulichompa afunge kinafungika.

Nani mwingine alishaona mtu analaumiwa kwa kosa la programu? Benchi lipo, kaeni mseme, hapa hafukuzwi mtu.