Kimya cha Ofisini

Raphaël hakuwa mtu wa kugomba, na wafanyakazi wa mradi wa maji wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, wangefurahi kama angegomba. Ukimletea habari mbaya alikutazama tu, bila neno, mpaka ukajisikia wewe ndiye uliyeharibu. Mwisho ulijikuta ukisema mwenyewe kwamba si kitu, ukatoka. Constance, msaidizi wake, aliizoea tabia hiyo upesi, na polepole akaanza kuwarudisha watu mlangoni kabla hawajaingia.

Msimu mmoja wa mvua Alida, mpimaji wa maji, alikuja kueleza kwamba dawa ya kuua vijidudu imepungua nguvu bombani, afadhali wafunge maji kwanza. Raphaël akamtazama. Kimya kikawa kirefu, na aliyekivunja ni Constance.

“Tutaendelea,” alisema. “Haiko mubaya sana.”

Kipindupindu kikaingia mitaa ya ziwani. Kati ya waliokufa alikuwemo Fébronie, mkimbizi wa Burundi aliyeuza mandazi karibu na bomba na kumsalimia Constance kila asubuhi. Ofisini hakuulizwa mtu. Raphaël alihamishiwa Bukavu, kiti chake cha shefu, mkuu wa ofisi, akapewa Constance.

Aliapa moyoni kwamba yeye atakuwa shefu wa namna nyingine. Kisha adhuhuri moja Alida aliingia, akasema maji ya tangi yananuka. Constance alifungua mdomo kumjibu. Nyuma ya Alida, pale mlangoni, alimwona Fébronie amesimama na beseni lake la mandazi. Akabaki amekodoa macho. Alida, akidhani anatazamwa yeye, akainamisha uso.

“Iko sawa, shefu,” alisema taratibu. “Tutaendelea tu.”

Constance aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akainuka, akamshika mkono.

“Hapana. Mufunge yote, sasa hivi.”

Wakafunga. Ndani ya tangi walikuta popo waliooza. Safari ile hakuugua mtu.

Lakini ofisini mambo yalibaki vilevile. Watu waliendelea kumletea habari njema tu, hata Alida, kwa sauti ya upole iliyomtisha kuliko malalamiko. Constance akaacha kuwauliza. Siku hizi, kukipambazuka, huenda mwenyewe bombani, akakinga maji kwa kikombe, akayanywa mbele ya bamama walio kwenye foleni. Wao humpisha bila kumsalimia. Mara nyingine huhisi kuna mmoja nyuma yake asiye na bidoni ya kutekea maji, aliyesimama karibu mno. Huyamaliza maji yake, akaondoka bila kugeuka.