Majani Yaliyokataa Kukauka

Agripina wa Utemini hakuwa mtu wa maua. Mtu aliyekulia kwenye mtama na alizeti, ua analitakia nini? Kinachopandwa ni kinacholiwa, basi. Lakini Felista, mke wa mwanawe Isaka, alipohamishiwa shule ya Tabora, alimwachia mkwewe ua lake. Safari ya basi lisingeiweza: ukiligusa tu, majani yanapukutika.

Lilikuwa ua la kuning'inia, limepandwa kwenye kopo la rangi lililofungwa dirishani. Mashina yalishuka marefu kama mikia, yamejaa vijani vinene, vidogo kama punje za mahindi mabichi. "Maji kidogo sana, mama," Felista aliagiza. "Hata ukilisahau, sawa."

Tangu Isaka aoe, mkwe na mkwe waliishi kwa adabu tu. Huyu shikamoo, yule marahaba, chakula tayari, wamemaliza. Agripina alimwita "mwalimu", kama wazazi wa wanafunzi wanavyomwita. Felista naye hakuwahi kumwachia hata ufunguo. Kwa hiyo ua lile Agripina alilipokea kama mtihani, na alitaka sana kuufaulu.

Tatizo likawa maji. Singida hii, watu wanapanga ndoo alfajiri, halafu wewe umnyime maji mgeni aliyeachwa mikononi mwako? Moyoni alimwona mwalimu mchoyo. Asubuhi akamwagilia, jioni akaongeza. Ua likalegea, likawa njano, mashina yakaoza, na siku moja alipolishika likaporomoka lote sakafuni.

Akampigia Isaka simu. "Ua limekufa. Nitatafuta jingine, mwalimu asijue."

Isaka akamjibu. "Mama, lile lilikuwa la marehemu mama yake. Alimkatia kipande kwa mkono wake, akiwa kitandani anaumwa."

Agripina akakata simu. Aliona aibu, na aliogopa. Ungemwambiaje mtoto wa watu maneno kama hayo?

Akaokota vijani vilivyokuwa bado vizima, akafanya kile ambacho wanawake wa huku hufanya kwa majani wasiyotaka yapotee: akavianika kwenye ungo kama mlenda. Angalau angekuwa na kitu cha kumkabidhi. Kuku wakavivamia palepale, akawafukuza, akaupandisha ungo juu ya kabati karibu na dirisha.

Mlenda ukiuanika, haukawii. Hivi vikagoma. Kila akiamka, Agripina alivaa miwani na kwenda kuvichungulia, na kila mara alivikuta vimenona vilevile. Akapasua kimoja kwa ukucha: maji tele. Akakionja, akatema. "Wewe ni kitu gani?" akakiuliza. Alikuwa ameanika majani tangu utoto na hakuwahi kukutana na jani lenye jeuri namna hii. Ikafika mahali anaacha ugali unapoa, kisa ungo.

Ndipo akaona kwenye ncha ya jani moja vijiuzi vyembamba vya rangi ya waridi, na kando yake kichipukizi kama kichwa cha kiberiti. Baadaye jingine nalo likaota, na jingine. Hakukuwa na udongo pale, wala tone la maji. Kumbe kila jani lilikuja na ndoo yake! Na yeye alikuwa amelizamisha.

Felista alikuja likizo ya Desemba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Macho ya Felista yalikwenda moja kwa moja dirishani. Kopo halikuwepo.

"Nimeliua," Agripina akasema kabla hajaulizwa. "Uliniambia maji kidogo, nikakuona una roho mbaya, nikalimwagilia mpaka likaoza. Isaka ameniambia lilikuwa la nani. Nisamehe." Akaushusha ungo kutoka kabatini. "Majani niliyaanika nikupe hata makavu. Yamekataa kukauka."

Felista akauinamia ungo. Vichipukizi vilikuwa vimejaa, kila kimoja na mkia wake mdogo unaoanza. Machozi yakaanza kudondoka juu ya majani.

Agripina akauvuta ungo haraka, akauweka mbali. Kisha akamfungulia mikono.

"Njoo ulilie huku, mwanangu," akasema. "Hivyo havitaki maji."