Njumu Nyekundu na Kijani za Sisimizi

Haya wajukuu zangu, kaeni vizuri niwatege. Meno yake yako tumboni, anang'ata ardhi kutwa nzima na hashibi. Nani huyo?

Mmeshindwa, eti? Ni njumu. Viatu vya mpira, vyenye meno chini.

Sasa tegueni na hili, maana mimi lilinishinda. Mwanangu wa kwanza alimnunulia mdogo wake njumu, mguu mmoja mwekundu, mwingine kijani, akaapa hakuna jozi nzuri kama hiyo soko zima. Wala hakuwa anatania.

Mkubwa huyo ni fundi wa kuchomelea mageti, mtaani wanamwita Cheche. Mdogo wake ni kinyozi. Yeye ni Sisimizi, kwa vile hatulii, muda wote yuko mbioni.

Wote walichezea timu ya mtaa, na njumu walikuwa na jozi moja tu. Cheche anacheza kipindi cha kwanza. Mapumziko anavua, Sisimizi anazivaa zikiwa bado za moto, anaingia. Kocha akiulizwa anapangaje wachezaji, anasema anapanga kwa saizi ya mguu.

Basi zile njumu zikaachia soli, na fainali iko Jumapili. Sisimizi ana wateja, nikaenda sokoni mimi na Cheche. Mguu wao ni mmoja, akijaribu huyu amejaribu yule.

Ungemwona anavyochagua. Kwenye lile rundo la mitumba hata haangalii, anapapasa. Anaingiza mkono ndani kutafuta mshono unaokwaruza. Kisha anaikunja. Ikikunjika kwenye vidole anaiweka, ikikunjika katikati anaitupa, anasema hiyo itamuua mtu unyayo. Meno marefu hataki. Uwanja wetu mgumu kama sakafu, unataka meno mafupi, tena mengi. Mchuuzi akamsifia zile zinazong'aa, akajibiwa kwamba kung'aa hakufungi goli.

Mwishowe akashika ya kushoto, akashika ya kulia. Saizi sawa, soli sawa, rangi mbalimbali. Mchuuzi akacheka, akatushushia bei. Mimi nikadhani mwanangu anabana matumizi, na zilikuwa imara kweli.

"Na zako?" nikamuuliza.

"Jozi moja inatosha, Mama."

"Leo tuna uwezo wa mbili. Kwa nini hununui zako?"

Akanishika bega, akasema twende, jua kali.

Nyumbani Sisimizi akafungua mfuko. Akacheka kwanza. Halafu akasubiri kaka yake naye acheke.

Cheche hacheki. Anamweleza habari za soli.

Kijiweni wakampa jina jipya, Taa za Barabarani. Wakimwona tu wanamuuliza, tuvuke au tusimame? Hata mteja aliye kwenye kiti chake, kidevu kimejaa povu, naye anauliza.

Mtoto akaumia. Akamfuata kaka yake uani.

"Umenifanya kichekesho cha mtaa. Zako nzuri umezificha wapi? Nasikia timu ya ng'ambo ya barabara wanakutaka."

Cheche akageuza uso kama aliyezabwa kofi. "Zivae tu. Zitakufaa."

Basi. Tangu hapo wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Huyu akila, yule yuko nje. Na mama wa watoto wasiosemeshana, tonge halishuki.

Jumapili Sisimizi akazivaa, angefanyaje? Na zile njumu zikafanya kazi. Wenzake wanateleza kwenye vumbi, yeye akigeuka amegeuka, akisimama amesimama. Waliokuwa wanamzomea wakaanza kumeza mate.

Mapumziko akatazama benchi kwa mazoea. Cheche amekaa pembeni yangu, koti hata hajavua.

Kipindi cha pili mpira ukatoka nje, ukaja taratibu hadi tulipo. Wakampigia kelele Cheche aurudishe. Akainuka, akavuta mguu, akapiga kwa nguvu zake zote.

Akapiga hewa. Mpira ulikuwa upande wa pili.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamtazama mwanangu usoni, naye ananitazama, lakini macho yake yalipita juu ya bega langu.

Filimbi ya mwisho ikalia, tumeshinda kwa goli la Sisimizi. Wenzake wakataka kumbeba, akawasukuma, akaja moja kwa moja kwetu.

Wajukuu zangu, njumu ukiitilia shaka, unaikunja uone. Ndugu yako ukimtilia shaka, muulize, kisha ungoje jibu mpaka litoke. Cheche tulimuuliza mimi na mdogo wake, na hakuna aliyengoja.

Safari hii mdogo wake alingoja.

"Kaka, kwa nini hukununua zako?"

Watu wakaimba, wakapita, wakaenda zao. Sisimizi amesimama palepale, jasho linamdondoka. Cheche akanyoosha mkono mbele, akapapasa, mpaka vidole vikagusa jezi ya mdogo wake.

"Mpira siuoni tena, mdogo wangu. Moto wa kuchomelea umekula macho, yamebaki ya kuona vivuli. Hata wewe hapo, nimekujua kwa sauti."