Hoja Niliyoikimbia Bungeni

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliitwa Mheshimiwa kwa muda wa bunge moja. Sikuchaguliwa na mtu. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana upande wa Asumbi, na asubuhi moja redio ikasoma jina langu kati ya wabunge wa kuteuliwa. Seneti ilikuwa imefutwa nikiwa bado msichana wa shule, na sisi wateule ndio tuliobaki tukifanana kidogo na maseneta wa zamani: watu waliopelekwa kule, ilisemekana, kwa busara zao. Mama yangu, aliyekuwa akiishi Uriri, alicheka alipoambiwa. Alisema busara ningeanza kuionyesha jikoni kwangu.

Hali ilikuwa mbaya. Shilingi ilishuka hadi watu wakaacha kuulizia bei ya sukari. Wazazi waliwaondoa wasichana shuleni katikati ya muhula. Kisha zikaja habari kwamba wafadhili wanataka serikali ipunguze wafanyakazi, na watakaoanza kutolewa ni wale wa chini: wapishi, matarishi, wahudumu wa zahanati.

Mhudumu mmoja nilimjua vizuri. Alifanya kazi katika zahanati iliyokuwa karibu na kwa mama. Mama alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, na mtu huyu, kila jioni akitoka kazini, alipita nyumbani kukiosha na kukifunga upya. Hakuna aliyemtuma. Aliweka mguu wa mama juu ya goti lake na kuzungumza naye habari za mahindi mpaka amalize. Kidonda kilichukua karibu mwaka mzima, kikafunga.

Jumamosi moja alinikuta pale uani.

"Mwalimu," akasema, kwa sababu hakuwahi kuniita Mheshimiwa, "tunasikia majina yanaandikwa. Utatusemea?"

"Nitawasemea," nikamwambia.

Nilisema mara moja tu. Niliuliza swali Bungeni kuhusu zahanati za kwetu, waziri akajibu kwa maneno mengi, na jioni redio ikalitaja swali langu. Nyumbani walilisikia. Nilipofika Uriri wiki ile, wanawake walinishika mikono yote miwili.

Baadaye mbunge mmoja akaleta hoja kwamba wahudumu wa zahanati wasiguswe. Siku mbili kabla ya kura, kiranja wa chama, anayesimamia kura za wabunge wake, aliniita pembeni. Hakunitisha. Aliniambia jina langu linazungumzwa kwa nafasi ya waziri msaidizi, kisha akauliza kama ninajua watu wa kwetu wangefurahi kiasi gani. Nilikwenda kulala nikijiona tayari nimekaa kiti cha nyuma cha gari lenye bendera. Ninaona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kengele ya kura ilipolia nilikuwa katika chumba cha chai. Wenzangu waliinuka, viti vikaburutwa, mlango ukafungwa nyuma yao. Mhudumu wa chai, mzee mwenye koti jeupe, alikuja kuondoa vikombe akaniona bado nimekaa.

"Mheshimiwa, kengele hiyo."

"Nimeisikia."

"Watafunga milango."

"Chai yangu haijaisha," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akachukua vikombe vya wengine, akaniachia changu. Kilikuwa kitupu.

Hoja ilianguka. Kura yangu isingeiokoa, na hilo nimejiambia mara nyingi. Lakini wapo waliopiga kura wakijua watashindwa, na mimi nilikuwa nimekaa na kikombe kitupu nikisubiri wamalize. Nafasi ya waziri msaidizi ilipewa mtu mwingine.

Mhudumu wa zahanati alipata barua yake kabla ya mvua. Nesi wa pale zahanati aliachwa peke yake na foleni iliyofika barabarani. Sikwenda Uriri kwa miezi kadhaa; nilimwandikia mama kwamba Bunge lina kazi nyingi. Nilipokwenda mwishowe, mama aliniambia mtu yule amehamia Remba, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Nenda umwone," akasema. "Alikufanyia kazi ambayo ilikuwa yako."

Nilipanda mashua ya injini kutoka upande wa Homa Bay. Remba ni kisiwa kidogo, mabati yamebanana mpaka mtu hupita upandeupande, na kila penye nafasi pametandazwa nyavu za kuanikia. Nilimkuta ameinama akigeuza omena kwa mikono. Alikuwa amekonda. Aliponiona alijifuta na kuwaita wenzake, wanaume na wanawake kama kumi hivi, kadhaa wao wakiwa wameachishwa kazi kama yeye.

"Huyu ndiye aliyetusemea kule Nairobi," akawaambia. "Wengine wote walinyamaza."

Walinipa mkono mmoja mmoja. Mama mmoja alikwenda kukaanga sangara, wakanipa kipande cha katikati, nikala. Nilikula chote, nikanawa, nikashukuru. Wakati huo wote ningeweza kusema.

Nilimwambia yeye peke yake alipokuwa akinisindikiza kwenye mashua. Tulizungumza Kijaluo, na katika lugha hiyo sikupata neno la kujifichia. Nilimwambia kuhusu kengele na chai. Alisimama.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi usiwaambie hawa," akasema. "Wakikaa hapa wanasema kulikuwa na mtu mmoja aliyetusemea. Waachie hilo."

Alinishika mkono nipande. Sikuweza kujua kama amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumuuliza.

Bunge lile lilipokwisha sikuteuliwa tena. Nilirudi kufundisha. Mwaka mmoja au miwili baadaye, miaka ya tisini ikielekea kwisha, mhudumu yule alishikwa na homa huko kisiwani. Walipomfikisha hospitali ya Homa Bay ilikuwa imechelewa. Alizikwa nyumbani kwake Uriri, mchana wa jua kali, na mwenye kuongoza shughuli alinisimamisha niseme machache. Alinitambulisha kama mheshimiwa wa zamani aliyewatetea wafanyakazi wadogo.

Nilikuwa nimekusudia kusimulia habari ya mguu wa mama. Badala yake nikasema yote. Nilisema hoja ilipokuja mbele ya Bunge nilijificha, na marehemu alijua, naye akanifichia. Wanaume wawili niliowakumbuka kutoka Remba waliondoka chini ya turubai, wakaenda kusimama kwenye ua. Nilipokaa nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na wepesi ule, nikiukumbuka sasa, ndio unaonisumbua kuliko mengine.

Mjane wake alinifuata baada ya mazishi. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira ya kuonekana.

"Ulikuwa na miaka yote hiyo ya kusema. Umechagua leo, mbele ya jeneza lake. Hawa watu wangekwenda nyumbani wakimzungumzia yeye. Sasa watakuzungumzia wewe."

Nilianza kuomba radhi, akainua mkono kidogo.

"Wageni bado hawajala," akasema, akaenda.

Baada ya hapo mimi na mjane tulikuwa tukikutana siku za soko pale Uriri. Alikuwa akisimama, akinipa mkono, akiniuliza habari za watoto. Mama yangu alipofariki alikuja na wanawake wa kanisa lake, akabeba maji tangu asubuhi mpaka tulipomaliza kuzika. Nilimwita aingie ndani apate chakula. Alisema amekula kwake, ingawa hakuwa amerudi kwake tangu asubuhi, akachukua ndoo akaiosha, akaiweka mahali pake, akaondoka na wenzake.